Tatu Katika Kila Mia

Inspekta Kobe alilifunga tangi la maziwa kwa mkono wake mwenyewe. Lakiri moja aliiweka juu kwenye kifuniko na nyingine chini kwenye koki, zile za plastiki ambazo watu wa umeme hufungia mita. Alizivuta kwa nguvu kuona kama zimeshika, akaandika namba zake kwenye kiganja cha mkono, kisha akapanda mbele ya lori, akakaa kando ya dereva.

"Afande, ungeingia tu humo ndani ya tangi," dereva alisema. "Ungeyalinda vizuri zaidi."

"Washa gari, Breki."

Jina hilo la Breki dereva alipewa na wafugaji kwa sababu ya kukanyaga breki mpaka akiona kuku. Leo hakukanyaga hata mara moja bila kuomba ruhusa. Alikuwa na haki ya kuogopa. Mchana huo wanachama wa ushirika wa maziwa wangekutana kupiga kura ya kumfukuza kazi, na mkuu wa kituo cha polisi alikuwa ameshamwambia Kobe kwamba kura ikipita, arudi na mtu wake amefungwa pingu.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Asubuhi wafugaji huleta maziwa kwenye kituo cha kukusanyia. Pale mama mmoja anayeitwa Mpima huyapima na kuyamimina kwenye tangi la lori, Breki huyapeleka kiwandani, na kiwandani hupimwa tena yakishushwa. Kila siku yanafika pungufu. Katikati ya kituo na kiwanda hakuna mtu mwingine ila Breki. Ripoti ya meneja ilikuwa na grafu ya rangi nyekundu, nguzo fupi upande wa mwaka jana na nguzo ndefu upande wa mwaka huu, na chini yake maneno haya: *Upotevu umeongezeka maradufu tangu mabadiliko ya dereva.*

Hata asiyejua kusoma angeiona ile nguzo nyekundu akauliza dereva anakaa wapi.

Njiani Breki alisimama mara moja, nyuma ya kituo cha mafuta. Huko ndiko mashahidi watatu walikodai kwamba "anauzia watu." Kobe alishuka naye. Breki alifunua boneti, akachukua dumu la maji chini ya kiti, akamimina kwenye rejeta, akasubiri mvuke upungue.

"Kila siku?"

"Kila siku, afande. Inavuja. Nimemwambia meneja, akaniambia niandike barua. Mimi na barua wapi na wapi?"

Kobe alizikagua lakiri. Zilikuwa vilevile. Alizikagua tena walipoingia geti la kiwanda, akawaita meneja na mwenyekiti wa ushirika waje wazisome namba kwa macho yao na kuzilinganisha na zile za kiganjani. Zilikuwa zilezile. Ndipo akazikata kwa mkasi, mpira ukaunganishwa, pampu ikaanza kunguruma.

Kituoni Mpima alikuwa amepima elfu moja kamili. Kobe ndiye aliyemwomba aishie hapo ili hesabu iwe rahisi.

Pampu ilipozima, mita ilisoma mia tisa sabini na moja.

Mwenyekiti, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alisoma mara mbili. "Pungufu ishirini na tisa," alisema. "Kama kawaida."

Breki alikaa chini kwenye tairi ya akiba. "Wallahi sijagusa. Afande, si ulikuwa na mimi? Sema basi!"

"Nilikuwa na wewe," Kobe alijibu. "Na lakiri hazikuguswa."

"Basi yamekwenda wapi?" meneja aliuliza. Alikuwa kijana nadhifu, msomi, hana dharau kwa mtu, ila alizoea kuzungumza akiitazama kompyuta hata ikiwa imezimwa. "Tangi linavuja?"

Kobe alikuwa ameshalala chali chini ya lori. Alipapasa mshono wa tangi mwanzo hadi mwisho. Vidole vilitoka na vumbi kavu.

"Halivuji."

"Mizani ya kituoni basi. Yule mama anaongeza."

"Jana nilipeleka mfuko wa saruji mpya, haujafunguliwa, umeandikwa hamsini. Mizani ikasema hamsini. Nikaupeleka tena baada ya watu kuondoka. Hamsini."

"Basi mita yetu imeharibika."

"Juzi nilipitisha maji, nikayakinga kwenye dumu la ishirini. Mita ikasema ishirini. Nikarudia. Ishirini." Kobe alijikung'uta vumbi kwenye suruali. "Mizani inasema kweli. Mita inasema kweli. Koki haikufunguliwa. Na maziwa hayapo."

"Ni jini," Breki alisema kwa sauti ndogo.

"Nyamaza, baba," mwenyekiti alimwambia, lakini bila ukali.

Kobe aliomba kiti. Hilo ndilo lililompa jina lake: kesi ikikaza, wenzake hukimbia, yeye hukaa. Aliomba pia zile hesabu za mwaka jana, kabla Breki hajaajiriwa, wakati lori likiendeshwa na mzee aliyestaafu. Meneja alimletea karatasi. Kobe hakuitazama grafu. Alitafuta siku moja tu ya kawaida, kisha nyingine, akiwa na kalamu mdomoni.

"Mwaka jana mlikuwa mnakusanya kiasi gani kwa siku?"

"Kama mia tano hivi."

"Na pungufu?"

"Kumi na nne, kumi na tano."

"Na mwaka huu elfu, pungufu ishirini na tisa."

"Ndiyo maana nikasema maradufu," meneja alisema.

"Kwa nini maziwa yenyewe yameongezeka maradufu?"

Mwenyekiti ndiye aliyejibu. "Kwa sababu ya huyu huyu. Yule mzee alikuwa hafiki ng'ambo ya daraja. Breki anafika. Watu wa kule wote sasa wanaleta."

Kobe alichora mstari chini ya tarakimu mbili. "Mia tano, hupungua kumi na tano. Elfu, hupungua thelathini kasoro moja. Tatu katika kila mia kwa mzee. Tatu katika kila mia kwa Breki. Bwana meneja, umewahi kumwona mwizi anayeiba tatu katika kila mia, mvua inyeshe, jua liwake, na akistaafu anamrithisha mwenzake kipimo?"

"Lakini grafu..." meneja alisema.

"Grafu yako haina kosa. Ila imejibu swali ambalo hatukuuliza. Tulitaka kujua mtu anachota kiasi gani katika kila mia. Yenyewe inasema jumla ni kubwa. Jumla ni kubwa kwa sababu maziwa ni mengi."

Kisha akauliza, kana kwamba anajiuliza mwenyewe: "Kwa nini mizani niliijaribu kwa saruji, na mita nikaijaribu kwa maji?"

"Kwa sababu saruji haipiti kwenye pampu," meneja alisema, akacheka kidogo.

"Ndiyo. Na kwa nini mizani sikuijaribu kwa dumu?"

"Kwa sababu dumu halijaandikwa ki..." Meneja aliacha neno katikati. Alitazama mita ya pampu. Pembeni ya tarakimu palikuwa na herufi ndogo iliyofifia. Alisogea, akaifuta kwa kidole gumba. "Lita," alisema.

"Na kule kituoni?"

"Sijui. Sijawahi kufika. Mpima hunitumia namba kwa simu. 'Mia tatu arobaini.' Basi. Mimi naziingiza kwenye safu ya kwanza, na za mita kwenye safu ya pili. Safu zote juu nimeandika 'Kiasi'."

"Kule ni mizani ya kuning'iniza," Kobe alisema. "Inasoma kilo."

Meneja aliinama kuisoma tena ile herufi ya mita.

"Mniambie na mimi," Breki alisema. "Nimeiba au sijaiba?"

Kobe hakumjibu. Katika kazi yake alikuwa hajibu kabla hajaona kwa macho. Aliomba mizani ya stoo ya pumba, akaomba madumu matano ya lita ishirini, akayapima matupu moja moja. Kisha akamwambia mwenyekiti asimame kwenye pampu na kuyajaza maziwa kwa mita: ishirini, ishirini, ishirini, mpaka yote yakajaa. Lita mia moja. Wakayarudisha kwenye mizani, Breki akibeba kama mtu anayebeba mayai.

Meneja alijumlisha, akatoa uzito wa madumu. Alirudia kwa sauti. Ilitoka ileile.

"Kilo mia moja na tatu."

"Zile tatu zako zimerudi," Kobe alisema. "Hazikutoka humo hata siku moja."

* * *

Mkutano ulikuwa umekaribia. Sauti za wanachama zilishaanza kusikika bandani, na juu ya zote ilipaa ya mfugaji mmoja aliyeitwa Spika, ambaye hakuhitaji kipaza sauti. Alikuwa akieleza namna wezi wa maziwa wanavyotakiwa kushughulikiwa.

"Mimi nitawaeleza," meneja alisema. "Nitaandika ukurasa mmoja, tuuchape, kila mtu apate wake."

"Andika," Kobe alisema.

Nje ya ofisi, kwenye benchi, alikuwa ameketi mke wa Breki, Mama Pacha. Mtoto mmoja alimlalia pajani, wa pili alikuwa anakula kamba ya kiatu chake. Alikuja na begi dogo la nguo za mumewe, za kwenda nazo mahabusu. Hakuna aliyemwambia lolote bado.

Meneja alitoka na karatasi ikiwa bado na joto la mashine. Kobe aliisoma, kisha akampa Mama Pacha. "Shemeji, hebu isome hii."

Alisoma polepole, akifuata kwa kidole. *Kufuatia uchambuzi wa kina uliofanyika, imebainika kwamba upotevu uliokwisharipotiwa unatokana na kutofautiana kwa vizio vya upimaji baina ya hatua ya ukusanyaji na hatua ya uchakataji, hali iliyosababisha mkengeuko wa wastani wa asilimia 2.9...* Alifika mwisho, akageuza nyuma kuona kama kuna kingine.

"Nimesoma yote," alisema. "Mume wangu ameiba au hajaiba?"

Meneja alinyoosha kidole. "Hapo mstari wa kwanza. 'Imebainika kwamba upotevu...'"

"Upotevu ndio umebainika. Ndiyo ameiba?"

"Hapana! Hajaiba!"

"Umesema hajaiba?" Mama Pacha aliuliza.

"Hajaiba."

"Sasa mbona hukuandika?"

Meneja aliichukua karatasi, akaitazama kana kwamba imeandikwa na adui yake. Aliangalia upande wa Kobe kuomba msaada.

"Mimi nikimhoji mtu," Kobe alisema, "namuuliza nani, amefanya nini, wapi. Karatasi yako nimeihoji. Haina mtu hata mmoja. Kuna uchambuzi, kuna upotevu, kuna mkengeuko. Nani alipima? Kwa kitu gani? Haitaki kusema. Ingekuwa mtu, ningeilaza ndani."

Mama Pacha alicheka ghafla, mtoto akashtuka pajani.

"Lakini ni lazima niweke hesabu," meneja alisema. "Nikiziondoa watasema namkingia kifua."

"Usiziondoe. Ziweke kwenye madebe. Huku hakuna anayekamua asilimia."

Meneja alirudi ndani. Safari hii hakufunga mlango. Kila alipomaliza sentensi aliisoma kwa sauti, na Mama Pacha akiwa palepale kwenye benchi alijibu "ehe" au "hapo sijakupata." Palipokuwa na "hapo sijakupata," ilisikika mashine ikifuta. Kwenye neno "ujazo" walibishana. Mama Pacha alisema yeye anajua debe limejaa au halijajaa, ujazo hajawahi kukutana nao. Meneja akaandika "nafasi yanayochukua." Walipofika kwenye kosa la nani, mashine ilinyamaza kwa muda.

"Andika tu," Kobe alimwambia. "Wakijua kosa lilikaa wapi, hawatalitafuta kwa dereva."

Mashine ikaendelea.

* * *

Banda lilikuwa limejaa mpaka watu wengine wamekaa kwenye ukingo wa hori. Mwenyekiti alisimama, akavaa miwani. Spika alikuwa mbele kabisa, mikono ameikunja.

"Nasoma," mwenyekiti alisema. "Mwenye kukohoa akohoe sasa."

Akasoma:

*"Dereva hajaiba maziwa. Hakuna maziwa yaliyopotea njiani.*

*Kituoni tunapima uzito wa maziwa, kwa kilo. Kiwandani tunapima nafasi yanayochukua, kwa lita. Maziwa ni mazito kuliko maji: lita moja ina kilo moja na kidogo. Ukileta madebe yenye kilo mia moja na tatu, kiwandani yatasomeka lita mia moja. Ni maziwa yaleyale. Leo tumeyapima mbele ya mwenyekiti na polisi, lori likiwa limefungwa kwa lakiri.*

*Tofauti hii ya tatu katika kila mia ilikuwepo hata kabla ya dereva huyu. Mwaka huu inaonekana kubwa kwa sababu mnaleta maziwa mara mbili ya mwaka jana.*

*Ripoti haikusema wapi ni kilo na wapi ni lita. Ripoti hiyo niliiandika mimi, meneja."*

Hakuna aliyepiga makofi. Karatasi zilipita mkono kwa mkono, vichwa vikainama. Mzee mmoja alimsomea jirani yake asiyeona vizuri. Kobe alisimama karibu na mlango, akiwatazama usoni mmoja mmoja kama anavyowatazama mashahidi. Aliona midomo ikihesabu.

Spika ndiye aliyeinuka. "Mimi sijakubali bado. Nauliza."

"Uliza, lakini usituue masikio," mtu alisema nyuma.

"Mimi naleta debe langu. Mpima anasema kilo ishirini. Kule ndani litasoma ngapi?"

Meneja alitaka kutaja desimali. Alijizuia. "Lita kumi na tisa na nusu hivi. Chini kidogo."

"Kwa hiyo ile nusu ndiyo nimekuwa nikimwita huyu mwizi?"

"Ndiyo."

Spika alikwaruza kidevu. "Haya. La pili. Na akija kuiba kweli kesho, tutamjuaje? Maana sasa kila pengo mtasema ni kilo na lita."

Watu waliguna. Breki, aliyekuwa amejibanza nyuma ya nguzo, alifumba macho.

"Swali zuri sana," meneja alisema, na safari hii aliwatazama wao, hakutazama karatasi. "Kilo mia na tatu zikisomeka lita mia, lala usingizi. Zikisomeka lita tisini na tano, niamshe mimi. Zikisomeka tisini, mpigie afande yule pale mlangoni. Na kuanzia kesho namba ya kituoni na ya kiwandani nitazibandika ukutani, kila moja na kipimo chake. Mtu yeyote anaweza kuzilinganisha. Hamtanisubiri mimi."

"Hata mimi?" Spika aliuliza.

"Wewe hasa."

Kicheko kilianzia kwenye hori kikaenea. Spika aligeuka, akamtafuta Breki kwa macho mpaka akamwona. "Wewe, toka huko nyuma ya nguzo. Ndugu yangu, nilisema mengi."

"Nimeyasikia," Breki alijibu. "Nilikuwa ng'ambo ya daraja nayasikia."

"Basi nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila kesho naanzia kwako. Nikikuta bado hujakamua, napitiliza."

Mwenyekiti aliuliza anayetaka kura ipigwe anyooshe mkono. Mikono ilibaki mapajani. Kobe alitoa pingu mfuko wa mbele, akazihamishia wa nyuma, akamwita meneja pembeni. Alihitaji nakala ya karatasi ile kwa ajili ya mkuu wa kituo cha polisi. Yeye mwenyewe angeandika kurasa nne, alisema, na mkuu asingesoma hata moja.

Walipokuwa kwenye mashine ya kuchapa, Mama Pacha aliingia na watoto wake wote wawili, begi la nguo likiwa begani kwa mumewe.

"Nichapie na mimi nyingine."

"Si umeshapata yako?" meneja alisema.

"Ile ni ya nyumbani. Hii ni ya bombani. Pale kwenye foleni ya maji ndipo nilipoambiwa nimeolewa na mwizi. Nataka niibandike kwenye ukuta wa tangi."

Meneja aliweka karatasi mpya kwenye mashine. "Herufi niziache hivihivi?"

"Ongeza, ziwe kubwa," Mama Pacha alisema. "Wengine watasoma wakiwa na ndoo kichwani."